Bakuli la Peke Yake

Dokta alipoamuru kila mgonjwa apewe bakuli lake mwenyewe, hakujua kwamba amewatukana. Alikuwa mtu mwema, tusimsingizie, na amri yenyewe ilikuwa na akili. Mafua makubwa ya mwaka ule wa hamsini na saba yalikuwa yameshapanda kutoka bandarini Dar es Salaam, yakaingia Kisarawe, na sasa yalikuwa yanabisha hodi kwenye lango la hospitali ya misheni, kule kilimani upande wa Masaki ya huko Kisarawe. Watu walikuwa wanaanguka nyumba nzima nzima, baba, mama na watoto, asibaki hata wa kumpa mwenzake maji. Basi Dokta akawakusanya watumishi uani, akasema kila mtu afunge kitambaa mdomoni, wageni waishie nje ya ua, mtumishi mwenye homa aseme mara moja akalale kwake, na wagonjwa wasile tena sinia moja. Kila mtu na bakuli lake.

Walioumia kwa amri hiyo ni wanawake wa banda la mwisho. Hao walikuwa wagonjwa wa saratani, ingawa siku zile wachache walilijua jina hilo. Watu walisema donda lisilopona, wakaliogopa kuliko ukoma. Hospitali ilikuwa na mashine moja kuukuu ya mionzi, zawadi kutoka Ulaya, iliyowekwa peke yake katika chumba chenye kuta nene na kuendeshwa na jenereta iliyonguruma mpaka ikasikika huko chini kwenye mikorosho. Wanawake waliiita taa. Unalala chini yake, huoni mwanga, husikii moto, lakini majuma yakipita ngozi inaungua ikawa nyeusi na donda linaanza kukauka. Ilibidi ulale hapo kila siku ya kazi bila kuruka mpaka dozi yako iishe. Dokta alikuwa na namna yake ya kuwaeleza: anayekatisha ni kama aliyepalilia shamba nusu akaenda kulala, magugu yatarudi yakiwa na hasira.

Sasa, kila mwanamke wa banda lile alikuwa ameshawahi kupewa bakuli la peke yake kabla ya Dokta. Alipewa kwao, na watu wake. Donda linanuka. Kwanza ndugu wanasogea kidogo kwenye mkeka wakati wa kula. Kisha anatokea mmoja mwenye maneno laini, anasema, "Wewe pumzika tu, tutakuletea chakula chako huko huko ndani." Siku hiyo unajua kwamba umeshakufa, kilichobaki ni kuzikwa. Kwa watu wa huku, kula pamoja hakutokani na uchache wa vyombo. Atakayekula nawe ni mtu wako, na asiyekula nawe, hata akikuita mama, ameshakuaga.

Mwuguzi wa banda hilo alikuwa Mwamini binti Mwishehe, mzaliwa wa hapo hapo Masaki, mjane asiye na mtoto, mwepesi wa mzaha na mzito wa kukubali kushindwa. Kazi aliijulia hospitalini, kwa kuona na kufanya. Yeye ndiye aliyewalaza wanawake chini ya taa, akawachora mistari ya dawa ya zambarau kuonyesha pa kuchomwa, akawafunika palipo pazima kwa mabamba mazito ya madini ya risasi, yasiyopitisha mionzi. Kuwasha mashine ilikuwa kazi ya Thadeo, ambaye alisimama nyuma ya ukuta na hakuwaona. Wale kina mama walikubali kushusha kanga zao kwa sababu aliyekuwemo chumbani ni Mwamini. Bila yeye, wasingelala pale hata kwa kuvutwa.

Na kila adhuhuri Mwamini alikaa nao mkekani, akanawa, akala nao. Hakuna aliyemwagiza. Alianza kwa ajili ya Bi Mwanamvua.

Bi Mwanamvua aliletwa kutoka Janga, huko Kibaha, na mwanawe Shomari, mwenye kiduka cha sukari na mafuta ya taa pale Maili Moja kwenye barabara ya Morogoro. Walikuja juu ya lori la mkaa, mama amejifunika kaniki usoni, na ziwa lake la kushoto limekuwa donda tupu. Shomari alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake, lakini siku ile alisimama mbele ya Mwamini akipekecha kofia mikononi utadhani ndiye aliyekosa.

"Dada," alisema, "huyu ni mama yangu. Nakukabidhi. Ni amana."

"Nimeipokea," Mwamini akajibu. Neno lenyewe si jepesi, na yeye hakulisema kwa wepesi.

Bi kizee mwenyewe aliomba kachumba ka pembeni, kalikokuwa stoo, ili asiwasumbue wenziwe kwa harufu. Chakula kilipoletwa alikigeuzia mgongo, akala ameuelekea ukuta, haraka haraka, kama mwizi. Mwamini aliliona jambo hilo siku ya kwanza, na ya pili hakustahimili. Aliingia, akaketi, akachovya tonge katika sahani ile ile bila kukaribishwa. Bi Mwanamvua alimtazama mpaka tonge likapita kooni.

"Wewe binti huna pua?"

"Ninayo, bibi. Ila njaa yangu ni kubwa kuliko pua."

Bi kizee akacheka, kicheko cha mtu aliyesahau kinavyochekwa. Kuanzia hapo akawa mwingine. Kumbe alikuwa na ulimi! Aliwapa majina watumishi wote, Dokta akamwita Kongoti kwa miguu yake mirefu, na Genoveva, Mkristo wa kitanda cha mlangoni, akamfundisha kusuka ukili wa mikeka. Na donda likaanza kukauka. Dokta alisema ni taa. Mwamini naye alisema ni taa, lakini moyoni alijipa sehemu yake kidogo, na haikuwa dhambi.

Ndipo yakaja mafua na amri ya bakuli.

Mwamini aligawa mabakuli ya bati kama alivyoagizwa. Akaeleza, akabembeleza, akasema ni kwa wote, hata kwa wazima. Wanawake wa banda kubwa walinung'unika, wengine walitokwa na machozi, lakini walikula. Genoveva alipiga ishara ya msalaba akasema ameshazoea. Bi Mwanamvua alilisukuma lake kwa mguu.

"Nimepanda kilima hiki kulikimbia bakuli hili," alisema, "nalo limenifuata."

Hakula siku ile, wala iliyofuata. Alikunywa maji, akalala, akaugeukia ukuta tena. Dokta alikuja kumpima, akatoka nje akitikisa kichwa.

"Taa inakula mwili," alimwambia Mwamini. "Mwili usiolishwa itaumaliza. Kama hali chakula, keshokutwa namwondoa kwenye orodha. Nasikitika. Amebakiza kidogo sana."

Wakati huo huo watumishi walikuwa wanapukutika. Thadeo alianguka kwanza, kisha Laurentia aliyekuwa msaidizi wa Mwamini, kisha mpishi. Dokta mwenyewe akawa anakwenda nyuma ya ukuta kuwasha mashine, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Chumba cha taa kikabaki na Mwamini peke yake, na kila asubuhi watu walisimama mbali mbali uani, Dokta akauliza, "Nani ana homa?" Mwenye homa alinyoosha mkono, akaenda zake.

Asubuhi moja Mwamini aliamka mifupa ikimuuma kama aliyetwanga mahindi ya arusi. Koo lilikuwa limekauka, kichwa kizito, na maji ya kunawia yalimtia baridi. Alijua. Mtu aliyeuguza watu kwa majuma hakosi kuijua homa ikimjia yeye. Alimeza kidonge cha Aspro, akatafuna tangawizi, akafunga kitambaa chake mdomoni, akaenda uani.

"Nani ana homa?"

Mwamini hakunyoosha mkono.

Tumhukumu taratibu. Kama angesema, angelazwa, na kama angelazwa, wanawake wale wasingevua nguo mbele ya Dokta, na taa ingezimika palepale kila mmoja akiwa nusu ya shamba lake. Hilo lilikuwa kweli tupu. Na uongo ukibebwa na ukweli hutembea vizuri sana, haujikwai. Aliingia chumba cha mashine, akachora mistari, akapanga mabamba ya risasi, kitambaa hakikutoka mdomoni, na mikono aliinawa kwa sabuni mpaka ikachubuka. Mpaka hapo, hata mimi ningemtetea.

Adhuhuri akaingia kachumba ka pembeni na bakuli.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kulitazama la jana? Lipo hapo, nzi wamekula."

"Bibi, usipokula Dokta atakutoa kwenye taa."

"Na anitoe."

"Umebakiza kidogo tu. Utarudije Janga na donda nusu?"

"Nitarudi nalo kama nilivyokuja nalo."

Mwamini akachuchumaa karibu na kitanda. Mwili ulikuwa unamwaka. "Amri ni ya wote, bibi. Hata mimi nina bakuli langu, walahi."

Bi Mwanamvua alijigeuza, akamtazama. Mashavu yalikuwa yamebonyea. "Wewe unalo kwa amri, mwanangu," alisema. "Mimi ninalo kwa harufu."

Mwamini akaliweka bakuli chini.

"Nitakula," bi kizee akaendelea, na sauti sasa ilikuwa ya kuomba, jambo ambalo hakulizoea. "Rudisha huo mlango. Toa hicho kitambaa nikuone uso, kaa hapa tule. Kama sinuki, kaa. Kama nanuka, sema, tuyamalize."

Hapo ndipo penyewe. Angeweza kusema: bibi, leo mimi ndiye wa kutengwa, nina homa, ukinisogelea utakufa. Lakini maneno yale yangevuka ukuta wa makuti yakafika banda kubwa, na kutoka banda kubwa yakafika kwa Dokta. Angeweza kukataa bila kueleza, lakini kukataa kimyakimya kulikuwa sawa na kusema, naam, unanuka. Mwamini alipima yote hayo kwa kichwa chenye homa. Akajiambia labda ni uchovu tu. Akajiambia mafua yenyewe wengi wanapona. Akajiambia, asipokula leo taa itamwacha na donda litamuua, hilo la hakika, na homa ni la labda. Akarudisha mlango, akafungua kitambaa, akaketi.

Ulikuwa ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Walikula vichwa vimekaribiana, kwa kuwa bakuli lilikuwa dogo. Bi Mwanamvua alikula kama mtu aliyerudi kutoka safari, akalamba vidole, kisha akamega tonge, akalichovya vizuri, akamtilia Mwamini mdomoni kwa mkono wake, kama mama anavyomlisha mtoto. Mwamini alilimeza. Koo liliuma mpaka machozi yakamtoka, na bi kizee akadhani ni ya furaha. Hakukosea sana.

Walikula hivyo tena siku iliyofuata, na nyingine.

Katika siku hizo Shomari alikuja kumtazama mama yake, akazuiwa nje ya ua kama wageni wengine. Mwamini alimtoa bi kizee mpaka barazani amuone mwanawe kwa mbali. Alikuwa amepata nguvu hata akasimama mwenyewe, mkono mmoja ameshika nguzo.

"Shomari!" alipaza sauti. "Shomari mwanangu! Nimekula na mtu!"

Wote waliokuwa uani waligeuka. Shomari alishika miti ya ua kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, mabega yakamcheza. Mwamini alisimama nyuma ya bi kizee, kitambaa mdomoni, akasikia fahari na hofu vikimpanda kwa pamoja.

Homa ya Mwamini ilipita upesi, ikamwachia kikohozi kidogo alichokizima kwa tangawizi. Asubuhi moja, alipokuwa anampangia Bi Mwanamvua mabamba kifuani, bi kizee akapiga chafya. Akacheka, akasema kuna mtu anamtaja huko Janga. Bamba moja likamponyoka Mwamini, likaanguka sakafuni kwa kishindo, na Dokta nyuma ya ukuta akauliza kuna nini. "Hakuna kitu, Dokta," alijibu. Moyo wake ulikuwa umeshajua kuna nini.

Mafua hayakuwa na mzaha na mwili ule uliokwisha kuchomwa. Yalishuka kifuani. Dokta alimdunga sindano, akamsikiliza mgongoni, akamgeuza, akamsikiliza tena.

"Homa imeingiaje humu?" aliuliza, kama anayejiuliza mwenyewe. "Banda zima hakuna mwingine. Yuko chumba cha peke yake. Anakula peke yake. Imeingiaje?"

Mwamini alikuwa ameshika beseni. Alilishika vizuri, asimwage hata tone, na hakufungua mdomo.

Siku ya mwisho Bi Mwanamvua hakuwa na pumzi ya kutaniana. Alimtafuta Mwamini kwa mkono, akamshika kidole. "Umekula, mwanangu?" aliuliza.

"Nimekula, bibi."

"Haya." Akafumba macho. Alikata roho kabla ya adhuhuri, jenereta ikinguruma, kwa sababu Genoveva alikuwa chini ya taa na Mwamini alikuwa ameenda kumpanga, akarudi akakuta mkono umeshapoa.

Dokta alifungua bendeji kabla hajaandika kifo. Alisimama akilitazama donda. Lilikuwa limefunga karibu lote, ngozi mpya nyororo imetanda pembeni, katikati pamebaki kidoa kidogo tu.

"Taa ilikuwa imekubali," alisema. "Bado kidogo tu. Ilikuwa imekubali kabisa."

Mwamini ndiye aliyemwosha, kwa kuwa watu wa Janga hawakuruhusiwa kuingia. Alimwosha kama inavyopasa, kwa upole, akimsitiri. Kila pahali maji yalipita yakaacha safi, isipokuwa mistari ya zambarau kifuani. Aliichora yeye, kila juma akiikoleza, na haikutoka. Alisugua, akasita, akasugua tena, mwishowe akalia kwa sauti huku anasugua, na aliyekuwa anammiminia maji akadhani ni huruma ya kazi.

Kisha akafunga kitambaa chake akarudi chumba cha mashine. Angefanya nini? Hakukosa siku. Hakula tena na mtu yeyote. Bakuli lake alilipeleka nyuma ya nyumba ya jenereta, akala huko amesimama. Wale wa banda kubwa, kila mmoja na bakuli lake, hapana aliyepata mafua. Hapo ndipo hesabu ilipomkalia shingoni. Kama angebaki na kitambaa tu, kama asingeketi. Taa ilihitaji mikono yake. Haikuhitaji ale.

Mafua yalipita kama yalivyokuja. Thadeo alirudi, amekonda, akapokea kazi yake. Laurentia akarudi. Genoveva akamaliza dozi, akamshika Mwamini mikono yote miwili, akamwombea baraka kwa Bikira Maria, akaenda kwao kwa miguu yake. Dokta aliwakusanya tena watumishi uani, safari hii bila vitambaa, akasema kwamba hospitali kubwa zilifunga milango, lakini hapa kilimani taa haikuzima hata siku moja, na sababu yake ni Mwamini. Watu wakapiga makofi. Thadeo akapiga kigelegele cha kiume, kibaya sana, watu wakacheka. Mwamini alishukuru kwa kuinamisha kichwa, akazunguka nyuma ya jenereta, akakaa huko mpaka watu wakatawanyika.

Wahenga walisema wema hauozi. Hawakusema kwamba hauui.

Kwa Dokta alinyamaza. Alijiambia kwa Dokta ni kosa la kazi tu. Lakini alikuwa amesoma chuo cha Kurani, alifundishwa akiwa mdogo kwamba dhambi yako kwa Mungu utaiombea toba, ila haki ya mja haifutwi mpaka umwendee mwenyewe akupe radhi. Mwenyewe alikuwa amezikwa Janga. Ameacha mtoto. Swala zake zikawa nzito, tonge likawa halipiti, na alipomwota bi kizee alimwota anacheka, jambo lililokuwa baya zaidi. Aliposikia kwamba arobaini itasomwa, aliomba ruhusa, akanunua sukari na mchele asiende mikono mitupu, akapanda lori mpaka Maili Moja, na jingine mpaka Janga.

Alifika khitma imeshasomwa, watu wanatawanyika. Shomari alimwona tangu njiani, akatoka mbio kumpokea kikapu.

"Jamani huyu ndiye," aliwaambia majirani waliokuwa wanavaa viatu. "Huyu ndiye dada aliyekula na mama."

Wakamsalimia kwa mikono miwili. Bibi mmoja akambusu kiganja. Mke wa Shomari, Mwanaamina, mwanamke mrefu mwenye macho ya wasiwasi, alimtandikia mkeka mpya ndani, akaleta maji ya kunawa, kisha sinia la pilau, likifuka moshi mbele yao watatu. Hakuthubutu kumtazama mgeni usoni.

"Bismillahi, dada," Shomari alisema. "Chakula chako hiki. Mama aliniambia siku ile uani, na mimi sijasahau. Nalala nalo neno lile, naamka nalo. Naiambia nafsi yangu, angalau alikufa akiwa mtu. Kula, dada."

Mwamini alikuwa ameshanawa. Mkono ulikuwa juu ya sinia, unadondosha maji. Akaurudisha mapajani.

"Siwezi kula kabla sijasema," akasema. "Mimi ndiye niliyempa mafua. Siku nilipokula naye nilikuwa na homa."

Nje kuku walikuwa wanagombania makombo.

"Ulijua?" Shomari aliuliza.

"Nilidhani labda uchovu—"

"Ulijua?"

"Nilijua." Machozi yalimtoka, akayaacha yashuke. "Alikataa kula. Dokta alitaka kumtoa kwenye taa. Nikaona nikikataa atadhani namwona ananuka. Nikajua nina homa na nikala naye. Donda lake lilikuwa limefunga, kaka Shomari. Nililiona. Angerudi kwako mzima. Amana yako nimeipoteza mimi. Nimekuja kuomba radhi."

Mwanaamina ndiye aliyezungumza kwanza. Aliinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu mgeni aingie akamtazama, na usoni mwake mlikuwa na kitu kama nafuu, hata yeye mwenyewe hakukusudia.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "sisi tuliomtengea bakuli hatukumuua."

"Nyamaza, Mwanaamina."

"Nasema tu. Watu wamenisema mwaka mzima. Kumbe aliyekula naye ndiye—"

"Nimesema nyamaza!"

Mwanaamina akachukua sinia, akatoka nalo, na huko uani wakamsikia analia, au pengine anacheka. Kwa ndani haikujulikana.

Shomari alitazama mahali sinia lilipokuwa. Hakupandisha sauti.

"Dada, bora ungenyamaza," alisema. "Nilikuwa na kitu kimoja tu kizuri katika kifo cha mama. Kimoja. Nacho umekuja kukichukua."

Njia nzima kutoka Kisarawe Mwamini alikuwa amejiandaa kutukanwa. Alijiandaa hata kupigwa, na ukweli ni kwamba alilitamani, maana anayepigwa huondoka mwepesi. Jibu hili hakuwa amelifikiria. Aliona sasa kwamba alibeba mzigo wake mpaka hapa ili autue, na pa kuutua hapakuwa pengine ila juu ya kichwa cha huyu, aliyekuwa na wake tayari.

Lakini mgeni ni mgeni. Jua lilipopinda, Shomari alichukua kikapu, akamsindikiza mpaka barabarani, yeye mbele, Mwamini nyuma, kupitia katikati ya mihogo. Walisimama kando ya barabara kungoja lori la mkaa. Vumbi lilikuwa limetulia.

"Ulikuja kuomba radhi," Shomari alisema bila kumgeukia. "Nimekupa. Kwa Mungu mmoja, sina haki yoyote kwako. Wewe ulikuwa mgonjwa ukala naye. Mimi nilikuwa mzima wa afya, mama yangu aliyenizaa, nikaruhusu apelekewe bakuli ndani, mwaka mzima, na mimi nakula ukumbini namsikia akikohoa." Akahamishia kikapu mkono wa pili. "Wewe umenikuta mimi hapa wa kukusamehe. Mimi nikamwombe nani?"

Lori lilipotokea, Shomari alilisimamisha kwa mkono, akampandishia kikapu chake, akarudi nyumbani bila kungoja liondoke.